Suruali ya jinzi: historia ya kitambaa kinachorudi na ya watu waliolipa gharama yake

Mtu anayetafuta suruali ya jinzi kwenye balo la mitumba, au chaguwa kama wengi wanavyosema Goma na Bukavu, huangalia mambo mawili: kama itamtosha kiunoni, na kama rangi yake imechakaa vizuri. Hana sababu ya kuuliza kama itarudi ikitiwa majini, kwa kuwa ilikwisha kurudi zamani. Mtu mwingine aliifua mara ya kwanza, na mara nyingi huyo mtu alikuwa kiwandani.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi, suruali ya jinzi ilitoka dukani ikiwa ngumu kama turubai, ya buluu iliyokolea, na kubwa kuliko mwili wa aliyeinunua. Kuilainisha, kuipunguza na kuifanya ikae vizuri mwilini ilikuwa kazi ya mvaaji mwenyewe. Ukiifuata historia ya kazi hiyo, utaona kwamba haikupotea hata siku moja. Kila ilipoondolewa mikononi mwa mtu mmoja, ilihamia kwa mwingine, na kuna wakati iliua.

Fundi wa Reno

Watu wengi huamini kwamba suruali hii ilibuniwa na Levi Strauss. Strauss alizaliwa Buttenheim, Bavaria, mwaka 1829, akawa mfanyabiashara wa jumla wa vitambaa na nguo mjini San Francisco. Hakuwa fundi mshonaji. Mwenye sindano alikuwa Jacob Davis, aliyezaliwa Riga, mji uliokuwa wakati ule chini ya utawala wa Urusi. Jina lake la kwanza lilikuwa Jacob Youphes. Alifika Marekani mwaka 1854, akabadili jina, na baada ya kuhangaika huku na huku akafungua kibanda cha ushonaji Reno, katika jimbo la Nevada. Alishona mahema, mablanketi ya farasi na vifuniko vya magari ya kukokotwa. Kitambaa alikinunua kwa Strauss.

Karibu na mwisho wa mwaka 1870, mwanamke mmoja alimwendea Davis akitaka suruali imara kwa ajili ya mume wake. Mume alikuwa mpasuaji wa kuni, mtu wa mwili mkubwa, na kila suruali aliyovaa ilitatuka upesi. Walipatana dola 3. Davis alikuwa na ribiti za shaba karibu naye, yaani vile vipande vifupi kama misumari ambavyo hugongwa ncha mpaka vikabana nguo pande zote mbili. Alizitumia kushikiza mikanda kwenye mablanketi ya farasi. Safari hii akazigonga kwenye pembe za mifuko ya suruali.

Sababu yake inaeleweka na fundi yeyote. Mtu wa kazi hutia mfukoni vifaa, mawe, misumari, na mkono wake huingia na kutoka mara mia kwa siku. Nguvu yote hiyo huishia mahali pamoja, pale mdomo wa mfuko unapokomea, na hapo ndipo uzi wa kwanza hukatika. Uzi wa kwanza ukikatika, mingine hufuata. Ribiti hushika kitambaa chenyewe, si uzi peke yake, na huisambaza nguvu ile isikae sehemu moja.

Habari zikaenea kati ya wafanyakazi, na Davis akaogopa kuibiwa wazo lake. Mwaka 1872 alimwandikia Strauss barua: kama Strauss angelipa gharama za kuandikisha uvumbuzi, dola 68, wangegawana haki. Hati ya uvumbuzi nambari 139,121 ilitolewa tarehe 20 Mei 1873. Hati hiyo haisemi kwamba wawili hao wamebuni suruali. Inazungumzia jambo moja dogo tu, kuimarisha midomo ya mifuko. Davis alihamia San Francisco kusimamia ushonaji. Haki hiyo ilipoisha muda mwaka 1890, kila kiwanda kikawa huru kutumia ribiti.

Kitambaa na rangi yake

Kitambaa cha awali kilitoka upande mwingine kabisa wa Marekani, katika kiwanda cha Amoskeag, mjini Manchester, jimbo la New Hampshire. Denimu hufumwa kwa nyuzi za namna mbili. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hutiwa rangi ya nili. Nyuzi za mshindio, zinazopita kwa upana, huachwa nyeupe. Mfumo wake ni wa mshazari: mshindio hupita chini ya nyuzi kadhaa za mtande kabla ya kutokea juu, na kila mstari husogea kidogo. Ndiyo maana jinzi ni ya buluu nje na nyeupe ndani, na ukiitazama kwa karibu unaona mistari iliyolala upande.

Nili ni rangi ya ajabu kwa pamba. Uzi huchovywa ndani ya dawa, ukitoka huonekana wa kijani na manjano, kisha hewa huugeuza kuwa wa buluu. Huchovywa tena na tena ili ukolee. Lakini rangi haifiki katikati ya uzi. Hukaa juu juu kama gamba, na kiini hubaki cheupe. Uzi ukisuguliwa, gamba hutoka na weupe huonekana. Seremala anayepiga magoti huacha alama magotini. Mtu anayekaa siku nzima juu ya tandiko la farasi huacha alama mapajani. Suruali ya mtu mmoja haiwezi kuchakaa sawa na ya mwingine, kwa sababu kazi zao hazifanani.

Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Levi Strauss ilianza kununua denimu ya Cone Mills, ambao kiwanda chao cha White Oak huko Greensboro, North Carolina, kilifunguliwa mwaka 1905. Mitambo ya wakati huo ilikuwa myembamba. Kijiti kilichobeba uzi wa mshindio kilikwenda na kurudi bila kuukata, kwa hiyo kingo za kitambaa zilijifunga zenyewe. Upana wa kitambaa ulikuwa yapata inchi 29, karibu sentimita 74. Mkata nguo hakutaka kupoteza kitu, akaweka ukingo huo kwenye mshono wa nje wa mguu. Ndiyo asili ya ule utepe mweupe wenye uzi mwekundu unaoonekana mtu akikunja pindo la suruali ya zamani.

Ushonaji wa kazi

Mishono iliyobeba nguvu nyingi ilikunjwa: kingo mbili za kitambaa zilifumbatana, kisha zikapitishwa nyuzi mbili sambamba. Hakuna ukingo uliobaki wazi wa kuchanuka. Pindo la chini na mshipi wa kiuno vilishonwa kwa mshono wa mnyororo, ambao una uwezo wa kunyooka kidogo mtu akiinama. Mshono huo una ubaya wake pia: ukikatika mahali pabaya, wote hufumuka ukivutwa. Una tabia nyingine ambayo wapenzi wa jinzi huitafuta mpaka leo. Mashine huvuta tabaka la juu na la chini la pindo bila usawa, na baada ya kufuliwa pindo hujikunjakunja kama kamba.

Suruali yenyewe ilikata juu kiunoni na ilikuwa pana matakoni na mapajani, ili mtu aweze kuchuchumaa, kupanda na kubeba. Haikuwa na vitanzi vya mkanda. Ilikuwa na vifungo vya kushika mikanda ya mabegani, ile inayoitwa bretele, na kijimkanda chenye bizimu mgongoni cha kukazia kiuno. Mfuko wa pili wa nyuma uliongezwa mwaka 1901. Vitanzi vya mkanda vilikuja mwaka 1922, wanaume walipoanza kuacha bretele.

Ribiti nazo zilileta malalamiko. Zile za mifuko ya nyuma zilikwaruza viti na matandiko ya farasi, hivyo mwaka 1937 zikafunikwa kwa kitambaa. Katikati ya miaka ya 1960 ziliondolewa kabisa, na mahali pake pakashonwa mishono mifupi iliyosongamana. Kulikuwa pia na ribiti moja pale miguu miwili ya suruali inapokutana. Waliokaa karibu na moto wa porini walijua ubaya wake, kwa kuwa shaba hupokea joto haraka. Iliondolewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilipobana matumizi ya chuma na vitambaa. Kijimkanda cha nyuma nacho kiliondolewa wakati huo.

Maneno ndani ya mfuko

Tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906 na moto uliolifuata viliteketeza makao ya kampuni ya Levi Strauss mjini San Francisco, pamoja na hati zake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya miaka ya mwanzo imesomwa kwenye suruali zenyewe, hasa zile zilizookotwa katika migodi iliyoachwa huko magharibi mwa Marekani. Mgodi mkavu hutunza nguo vizuri kuliko sanduku.

Mwaka 2022, suruali moja ya miaka ya 1880 iliyotoka mgodini iliuzwa kwa mnada katika jimbo la New Mexico. Dau la mwisho lilikuwa dola 76,000. Ndani ya mfuko wake palikuwa na maandishi yanayojisifu kwamba nguo hiyo ni ya aina pekee iliyotengenezwa na wafanyakazi weupe. Maneno hayo yalikuwa ya wakati wake. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na San Francisco ilikuwa na wafanyakazi wengi Wachina ambao wazungu waliwachukia kwa kukubali mshahara mdogo. Kampuni iliacha msimamo huo baadaye. Lakini pamba ile ilibaki kushuhudia kwamba suruali iliyosifiwa kuwa ya kila mtu wa kazi ilikuwa imeandikwa ndani ni nani asiyestahili kuishona.

Kwa nini kitambaa hurudi

Denimu ikiwa kwenye mtambo, nyuzi za mtande huvutwa kwa nguvu, na hupakwa wanga ili zisikatike. Kitambaa hutoka kikiwa kimenyooshwa na kugandishwa katika hali hiyo. Maji yakiingia, mambo mawili hutokea. Wanga hulainika na kuachilia nyuzi, na pamba yenyewe huvimba. Uzi uliovimba huhitaji njia ndefu zaidi kuuzunguka mwenzake, kwa hiyo hujipinda na kujivuta. Kitambaa hufupika, hasa kwa urefu, kwa kuwa mtande ndio uliokuwa umevutwa.

Denimu ambayo haikutayarishwa inaweza kupoteza karibu asilimia 10 ya urefu wake. Mguu wa inchi 34 huweza kubaki chini ya inchi 31. Maji ya moto huirudisha zaidi kuliko maji baridi, na haimalizi kurudi mara ya kwanza. Ufuaji wa pili na hata wa tatu bado huipunguza. Kiuno nacho hurudi, lakini kina bahati: mwili hukivuta tena kila siku, na baada ya wiki chache huwa kimepanuka kidogo. Urefu hauna wa kuuvuta.

Kwa hiyo mnunuzi wa suruali ya 501 isiyotayarishwa aliambiwa achukue inchi 1 au 2 zaidi kiunoni na inchi 3 hivi zaidi kwa urefu. Wengine waliingia nayo ndani ya beseni la maji, wakaitoa mwilini ikiwa imeloa, au wakakaa nayo mpaka ikauke ikiwa imeshika umbo la viungo vyao. Kile kijimkanda cha nyuma kilisaidia kipindi hiki, wakati kiuno kilikuwa bado hakijatulia. Hasara ya kukosea ilikuwa ya mvaaji. Mfanyakazi aliyepima vibaya alibaki na suruali inayoishia juu ya viatu, na hakuna duka lililopokea nguo iliyokwisha kuloweshwa.

Mashine ya Cluett

Mtu aliyeiondoa hasara hiyo alikuwa Sanford Cluett, wa kampuni ya Cluett, Peabody ya mji wa Troy, New York, iliyojulikana kwa kola za mashati. Kola inayorudi humkaba mtu shingo, kwa hiyo tatizo lilikuwa lao kabla halijawa la watu wa jinzi. Utaratibu wake, uliopata haki ya uvumbuzi mwaka 1930, hufanya kazi hivi: kitambaa chenye unyevu hulazwa juu ya ukanda mnene unaopita kwenye gurudumu. Ukanda ukipinda, uso wake wa nje hunyooka. Ukirudi kuwa sawa, hujikunyata, na hukisukuma kitambaa kijikunyate pamoja nao. Kisha hukaushwa kikiwa hivyo. Kinachobaki cha kurudi nyumbani ni asilimia ndogo sana.

Lee walikuwa kati ya wa kwanza kuuza jinzi ya namna hiyo katika miaka ya 1930. Wrangler walipoingia sokoni mwaka 1947, wakilenga wapanda farasi wa mashindano, nao walitumia denimu iliyokwisha kurudishwa. Mwaka 1964 Wrangler walibadilisha hata mshazari, wakaufanya uende upande huu kisha upande ule, kwa sababu mshazari wa kawaida huuzungusha mguu wa suruali baada ya kufuliwa mpaka mshono wa nje unafika mbele ya goti.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Jinzi ghafi ni ile ambayo haijafuliwa tangu itoke kwenye mtambo. Inaweza kuwa imepitia mashine ya aina ya Cluett au la. Iliyopita hurudi kidogo tu, ingawa ni ngumu na ya buluu nzito. Ambayo haikupita ndiyo ile ya kuongeza inchi 3.

Kutoka kazini hadi kwenye vumbi

Katika miaka ya 1950, filamu za kauboi ziliipeleka jinzi mbali na migodi na mashamba. Hata Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana walioitwa Bills walivaa jinzi na mashati ya mirabaraba kwa kuiga mashujaa wa sinema. Kijana wa mjini hakutaka kusubiri mwaka mzima ili suruali yake ilainike. Alitaka kuinunua ikiwa na sura ya nguo iliyofanya kazi.

Viwanda vikaanza kuifua kabla ya kuiuza, baadaye vikaifua pamoja na mawe mepesi ya volkano ili rangi itoke. Kisha ikaja njia ya haraka zaidi: kupuliza mchanga kwa shinikizo la hewa juu ya mapaja na magoti ya suruali. Kwa dakika chache, kijana mwenye bomba alitoa alama ambazo mpasuaji wa kuni alihitaji miezi kuzipata.

Mchanga huo una silika. Vumbi lake laini likiingia mapafuni halitoki. Huyakausha na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, ni ule ule unaowajia wachimbaji wa migodi, na hauna tiba. Hatari hiyo haikuwa siri: Uingereza ilikataza mchanga wa aina hiyo katika kusafisha vyuma tangu mwaka 1949. Hata hivyo, Uturuki, nchi kubwa ya jinzi, iliendesha kazi hiyo katika vyumba vidogo visivyo na hewa, na wengi wa vibarua walikuwa vijana kutoka vijiji maskini, wakiwemo wa mkoa wa Bingöl. Kuanzia mwaka 2005 madaktari wa huko waliandika kuhusu wagonjwa vijana waliofanya kazi hiyo kwa miaka michache tu. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni kubwa za nguo, Levi Strauss ikiwemo, zilitangaza kuiacha. Ripoti zilizofuata zilionyesha mchanga bado ukipulizwa Bangladesh na China.

Hivyo, kazi ya kuchakaza suruali ilitoka kwa mtu aliyeivaa na kulipwa kwa jasho lake, ikafika kwa mtu ambaye hakuivaa kabisa.

Iliyobaki

Wakati huo huo, Japani ilishika njia ya nyuma. Kojima, mji wa washonaji katika mkoa wa Okayama, ulishona jinzi tangu miaka ya 1960, na baadaye kampuni ndogo za Japani zilirudia mitambo myembamba ya zamani na kitambaa kisichofuliwa. Nchini Marekani, White Oak ilifunga milango mwishoni mwa mwaka 2017, baada ya miaka 112.

Ndani ya mabalo yanayofika masokoni, pantalo ghafi huonekana mara chache, kwa kuwa karibu zote zimekwisha kuvaliwa. Dalili zake ni ugumu, buluu isiyo na alama, harufu ya wanga, na rangi inayobaki kwenye vidole. Anayeipata asiipeleke moja kwa moja kwa fundi kukatwa miguu. Ailoweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa saa moja hivi, aianike kivulini mpaka ikauke, kisha arudie. Ndipo apime. Fundi akikata pindo kabla ya maji, suruali itaendelea kurudi baada ya mkasi, na kitambaa kilichobaki sakafuni hakitarudishwa.